Kutembea ni Kazi ya Akili: Uzee, Mazungumzo na Hatari ya Kuanguka Thika na Ruiru

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Methali hii hutumiwa kumtia moyo mtu aliyepatwa na pingamizi ndogo maishani asije akakata tamaa. Hata hivyo, tukiichukua kwa maana yake ya wazi, yaani mguu wa mtu kugonga kitu njiani, tutaona kuwa inamfaa kijana zaidi ya mzee. Kijana anapojikwaa, mwili wake humrudisha wima kabla hata hajatambua lililotokea. Mzee wa miaka sabini na mitano anapojikwaa, muda uliopo kati ya kujikwaa na kuanguka ni mfupi mno, na kinachoamua matokeo si mguu peke yake. Ubongo nao una neno lake.

Makala haya yananuia kueleza jinsi kuzeeka kwa akili kunavyoathiri mwendo wa mtu na kumweka katika hatari ya kuanguka. Mazingira tunayoyarejelea ni ya miji ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, ambako wazee wengi wanaishi mahali palipobadilika sana katika kipindi cha kizazi kimoja. Huenda msomaji akauliza: mada ya tiba inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, imedhihirika kwamba kuzungumza na kutembea ni kazi zinazogombea uwezo uleule wa ubongo. Kwa hiyo lugha ni sehemu ya tatizo lenyewe. Pili, njia ya awali ya kujua kwa nini mzee ameanguka ni kumuuliza, na swali huulizwa kwa lugha. Anayeuliza vibaya hujibiwa vibaya.

Ukubwa wa Tatizo

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021, watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka, na matukio mengine milioni 37.3 huwa mabaya kiasi cha kuhitaji matibabu. Miongoni mwa vifo vitokanavyo na majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka kunashika nafasi ya pili baada ya ajali za barabarani. Shirika hilo lilikuwa limeeleza katika ripoti yake ya mwaka 2007 kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na kwamba kiwango hicho hupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa wazee walio na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, hatari hiyo ni takriban maradufu.

Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi miongoni mwa wananchi milioni 47.6. Katika sensa iyo hiyo, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi wapatao 490,000 na mji wa Thika wapatao 251,000. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 60, na Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima, na wanapata utunzaji kutoka kwa familia na dola. Mzee asiyeweza kutoka nje kwa kuhofia kuanguka hawezi kushiriki katika mambo ya jamii, hata kama haki hiyo imeandikwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukitazama yanayofuata baada ya kuanguka. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudii uwezo aliokuwa nao awali wa kutembea. Hata yule asiyevunjika popote huingiwa na hofu. Hofu humfanya akae. Kukaa hudhoofisha misuli, hupunguza mazungumzo na watu, na huifanya akili ikose mazoezi. Matokeo yake ni kwamba hatari ya kuanguka tena huongezeka. Kibaya zaidi, wazee wengi huficha habari hizi. Anayesema ameanguka huogopa kunyang'anywa uhuru wake: asiende sokoni, asipande matatu, asiachwe nyumbani peke yake. Jamaa nao husema "ni uzee tu", na kwa maneno hayo matatu mlango wa uchunguzi hufungwa.

Kwa Nini Kutembea ni Kazi ya Akili

Tumezoea kuamini kwamba mtu mzima hutembea bila kufikiri. Kauli hii ina ukweli kwa kijana aliye mahali tambarare anapopafahamu. Hata hivyo, nyuma ya wepesi huo pana kazi kubwa. Macho hutoa habari kuhusu njia. Sikio la ndani hutoa habari kuhusu mwelekeo wa kichwa. Nyayo, vifundo na magoti hutoa habari kuhusu mahali mwili ulipo. Ubongo hukusanya habari hizi zote, huzilinganisha, kisha hutoa amri kwa misuli. Ubongo mdogo, ule ulioko upande wa nyuma, hurekebisha makosa ya hatua. Viini vilivyomo ndani ya ubongo huufanya mwendo uwe mazoea. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo hupanga safari, hugawa umakini, na huzuia mwili usifanye haraka lisilofaa.

Umri unapoendelea, mazoea haya hupungua nguvu. Habari zinazotoka machoni na miguuni huwa hafifu, na hivyo sehemu ya mbele ya ubongo hulazimika kusimamia hatua ambazo hapo awali zilijiendea zenyewe. Sehemu hiyo hiyo ya mbele ni miongoni mwa zile zinazoathiriwa mapema na uzee. Kwa maneno mengine, kazi inaongezeka wakati ambapo mfanyakazi anapungua nguvu.

Kuna uwezo wa aina nne ambao kupungua kwake kunahusiana moja kwa moja na kuanguka. Wa kwanza ni kasi ya kuchakata habari. Mzee anaweza kuliona jiwe, akalitambua kuwa ni jiwe, lakini amri ya kuinua mguu ikachelewa. Wa pili ni kugawa umakini, yaani kuangalia njia, kusikiliza honi ya bodaboda na kukumbuka anakokwenda kwa wakati mmoja. Wa tatu ni kuzuia: kujizuia kuvuka barabara kwa sababu wengine wamevuka, au kujizuia kuinuka ghafla simu inapolia. Wa nne ni kukadiria: je, ngazi hii ina kimo gani? Je, mtaro huu naweza kuuruka? Mtu ambaye akili yake ina picha ya mwili wake wa miaka thelathini iliyopita hukadiria kwa kipimo kisichokuwapo tena.

Aidha, kuna uharibifu unaotokea kimyakimya. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa huumiza mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo na kudhuru nyuzi zinazounganisha sehemu zake. Mawasiliano hayo yakidhoofika, mwendo hupungua kasi na hatua hupoteza ulinganifu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo, anayepima shinikizo lake la damu akiwa na umri wa miaka arobaini analinda pia hatua zake za miaka themanini.

Ikumbukwe kwamba dalili ya kutiliwa maanani si mwendo wa polepole peke yake. Mwendo wa polepole unaweza kuwa busara. Dalili nzito ni kutolingana kwa hatua: moja ndefu, moja fupi, moja ya haraka, moja ya kusitasita. Zaidi ya hayo, kupungua kwa kasi ya mwendo huweza kutangulia kupotea kwa kumbukumbu. Mwaka 2013, daktari Joe Verghese na wenzake wa New York walieleza hali ya wazee ambao hawajapatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lakini wanalalamika kwamba wanasahau na pia wanatembea polepole. Wazee wa namna hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua ugonjwa huo baadaye. Mguu unaweza kutoa habari za ubongo kabla ulimi haujazitoa.

Anayesimama Ili Azungumze

Ithibati maarufu ya uhusiano wa lugha na mwendo ilitoka Umeå, nchini Uswidi. Mwaka 1997, Lillemor Lundin-Olsson na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi mwepesi sana katika jarida la The Lancet. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzwa, na katikati ya safari wakaanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili waweze kujibu. Katika muda wa miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Matokeo haya yafasiriwe kwa uangalifu. Kusimama si kosa. Mzee aliyesimama alifanya uamuzi uliomfaa kwa wakati ule, kwani alitua mzigo mmoja ili abebe mwingine. Kinachofichuliwa na kusimama kwake ni kwamba kutembea kumekwisha kula umakini wake wote, wala hakuna akiba iliyobaki. Siku ambayo hataweza kusimama, kwa kuwa yuko katikati ya barabara au katikati ya ngazi, mizigo hiyo miwili itagongana. Vilevile, wapo wazee walioanguka ambao hawakusimama walipozungumzishwa. Kwa hiyo, kipimo hiki huonya kinapotoa ishara, ila kimya chake si hakikisho la usalama.

Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwa nini kuzungumza ni mzigo. Tuitazame sentensi ya kawaida: "Kile kikapu changu kikubwa ulichokiweka mezani kimeanguka." Msemaji amechagua nomino ya ngeli ya KI-VI, kisha akalazimika kuihifadhi akilini hadi mwisho ili kionyeshi, kimilikishi, kivumishi, kirejeshi, kiambishi cha yambwa na kitenzi kikuu vyote vikubaliane nayo. Uhifadhi huo hufanywa na kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshika mambo kwa muda mfupi wakati yanapotumiwa. Kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo inayomkumbusha mzee kwamba hatua mbili mbele kuna shimo aliloliona sasa hivi. Kila lugha ina mizigo yake ya aina hii. Sisi wazungumzaji hatuihisi kwa sababu tungali na akiba.

Mazingira ya Thika na Ruiru

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mji ukakua kwa viwanda, mkonge, kahawa na mananasi. Ruiru nayo ilijulikana kwa mashamba ya kahawa, na jina lake limebebwa na aina ya mbuni ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Mzee aliyezaliwa katika eneo hili mwaka 1950 alijifunza kutembea katika vijia vya mashamba. Leo, mengi ya mashamba yaliyokuwa karibu na Ruiru yamegeuka kuwa mitaa ya makazi. Barabara Kuu ya Thika ilipanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, na sasa mtu anayetaka kwenda ng'ambo ya pili hana budi kupanda daraja la wapita njia. Ramani iliyokuwa akilini mwa mzee huyo imefutwa na kuchorwa upya, ilhali uwezo wa kujifunza mahali papya ni miongoni mwa mambo yanayopungua uzeeni.

Hebu tuyachambue mazingira haya kwa jicho la akili inayozeeka. Kwanza, kuna kituo cha matatu. Mzee anaposhuka huwa anakadiria kimo cha kidato cha gari, anashika mlango kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono mwingine, anatafuta mahali pa kukanyaga, na papo hapo utingo anampigia kelele: "Shosho, shuka haraka!" Maneno hayo yanaongeza mzigo wa nne juu ya mitatu iliyokuwapo. Mguu unafuata amri ya utingo badala ya kufuata amri ya jicho.

Pili, kuna nyumba za ghorofa. Familia nyingi za Ruiru na Thika zinazomleta mzazi kutoka mashambani ili aishi karibu na hospitali humpokea katika nyumba yenye ngazi na isiyokuwa na lifti. Ngazi humwezesha mtu kupanda bila kutazama kila kidato kwa sababu ubongo hujifunza kimo cha vidato viwili au vitatu vya kwanza na kukitarajia katika vinavyofuata. Fundi akijenga kidato kimoja kirefu kuliko vingine, matarajio hayo huwa mtego. Kijana atajikwaa na kucheka, mzee ataporomoka.

Tatu, kuna mvua. Udongo mwekundu wa sehemu hizi ukilowa huteleza, na wakazi huweka mbao au mawe juu ya mitaro. Kupita juu ya ubao kunataka mtu ashike usawa wa mwili, akadirie umbali na azuie haraka kwa wakati mmoja. Nne, kuna usiku. Mzee huamka akiwa na usingizi, akiwa huenda amekunywa dawa inayopunguza shinikizo la damu, stima ikiwa imepotea, na njia ya kwenda msalani ikiwa na kandambili za wajukuu. Giza limeziba macho, usingizi umepunguza umakini, na damu haijapanda vyema kichwani. Katika hali hiyo, ndara moja tu yatosha kumwangusha.

Lugha Anayosemeshwa Mzee

Katika Thika na Ruiru, wazee wengi walianza kwa kuzungumza Kikuyu au Kikamba, wakakipata Kiswahili kazini, sokoni au shuleni. Wajukuu wao huzungumza Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na Kiingereza. Mjukuu anapomsemesha nyanya yake katika lugha ambayo si ya kwanza kwake, nyanya huyo hutumia nguvu zaidi ya akili kuelewa na kujibu. Wakiwa wameketi sebuleni, jambo hili halina madhara; kwa kweli ni zoezi zuri. Wakiwa katikati ya daraja la wapita njia, mambo ni mengine.

Tunasisitiza kwamba wazee wasinyamazishwe. Upweke nao huiumiza akili. Linalopendekezwa ni kuchagua wakati, lugha na urefu wa maneno. Mathalani, mjukuu anayesema, "Shosho, ukifika pale mbele upinde kushoto halafu uangalie kama yule mama uliyesema anakudai bado amefungua duka," amempa mzee mambo manne ya kushika. Angeweza kusema, "Shosho, tusimame kidogo," kisha wakazungumza, kisha wakaendelea. Adabu ya jadi, inayomtaka mdogo apunguze mwendo na amsubiri mkubwa amalize usemi wake, inaafikiana kabisa na matokeo ya sayansi.

Majina ya Kuanguka

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na mchango ambao daktari peke yake hana. Neno "kuanguka" lina mawanda mapana mno. Zaidi ya maana yake ya kawaida, kifafa huitwa na wengi "ugonjwa wa kuanguka", na mtu aliyezirai pia husemekana kuwa ameanguka. Mhudumu wa afya akimuuliza mzee, "Je, wewe huanguka?" huenda mzee akaelewa kuwa anaulizwa kama ana kifafa, akajibu kwa hamaki kwamba hana ugonjwa huo. Jibu litaandikwa kuwa la, na hatari itabaki palepale.

Kwa bahati njema, Kiswahili kina msamiati unaoweza kutenganisha sababu. Anayesema amejikwaa anatueleza kwamba mguu uligonga kitu. Tuchunguze macho, uinuaji wa mguu na umakini. Anayesema ameteleza anatueleza kuhusu sakafu, udongo au viatu. Anayesema aliyumba au alipepesuka anaelekeza kwenye usawa wa mwili, ubongo mdogo, dawa au kileo. Anayetaja kizunguzungu, hasa baada ya kuinuka kitandani, anatutaka tupime shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama. Anayesema magoti yalilegea anazungumzia misuli. Anayesema alikosa kidato anazungumzia kukadiria. Anayesema alizirai yuko katika kundi jingine kabisa, na moyo wake uchunguzwe bila kuchelewa. Naye anayesema, "Sijui, nilijikuta tu chini," ametoa habari muhimu kuliko wote: ama alipoteza fahamu, ama kumbukumbu yake haikulishika tukio.

Kwa hiyo, swali bora si moja bali ni mfululizo: Je, tangu mwaka jana umewahi kujikuta chini bila kukusudia? Ulijikwaa, uliteleza au uliyumba? Ulikuwa ukifanya nini? Kulikuwa na mtu aliyekuwa akikusemesha? Je, umewahi kukaribia kuanguka ukajishika? Swali la mwisho linaturudisha kwenye methali yetu. Kujikwaa si kuanguka, ndiyo, lakini kwa mzee ni taarifa, na taarifa haifai kupuuzwa.

Yanayoweza Kufanywa

Hatari ya kuanguka inaweza kupunguzwa. Uhakiki wa tafiti zaidi ya 100 uliochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 23 miongoni mwa wazee wanaoishi majumbani mwao. Mazoezi yanayofaa zaidi ni yale yanayojaribu usawa wa mwili: kuinuka kitini bila kujishika, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kupiga hatua za ubavu. Kutembea peke yake hakutoshi.

Jambo la kuvutia ni kwamba mazoezi yanayounganisha mwili na akili yameonyesha matokeo mazuri. Huko Geneva, Uswisi, wazee 134 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Walitembea na kubadilisha hatua kwa kufuata mdundo wa piano, mara moja kwa juma kwa muda wa miezi sita. Matukio ya kuanguka yalipungua kwa takriban nusu. Msomaji wa Kiambu hahitaji kwenda Geneva. Mwomboko, ngoma inayochezwa na wawili wawili kwa kodiani na karing'aring'a, ina hatua zinazohesabiwa, kuinama, kugeuka na kumsikiliza mwenzako kwa mwili mzima. Ni ngoma ambayo wazee wengi wa eneo hili waliicheza ujanani. Vikundi vya wazee makanisani na mitaani vinaweza kuifufua kama zoezi, polepole, karibu na ukuta au viti vya kushikilia.

Familia inaweza pia kufanya kipimo chepesi kilichopendekezwa mwaka 1991 na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson wa Kanada. Mzee huketi kitini, huinuka, hutembea mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani huchukulia sekunde 12 au zaidi kuwa ishara ya hatari. Mtu awe karibu naye wakati wote wa kipimo, na matokeo yakitia shaka apelekwe kwa daktari.

Hali kadhalika, dawa zote za mzee zipitiwe na daktari au mfamasia, hasa zile za usingizi, bila mtu kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Macho yapimwe, kwani mtoto wa jicho hutibika. Taa iwekwe njia ya msalani, kandambili ziondolewe sakafuni, na ukingo wa kila kidato cha ngazi upakwe rangi inayoonekana. Mzee akae kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kuanguka kwa mzee si jambo la miguu peke yake. Ni matokeo ya akili yenye akiba ndogo kukutana na njia yenye madai mengi, na mojawapo ya madai hayo ni maneno yetu. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 ambao huwatembelea watu majumbani. Watu hawa hukutana na wazee wa Makongeni, Kiganjo, Kihunguro na Kimbo uso kwa uso. Wanachohitaji ni maswali yanayoeleweka.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina wanafunzi wanaojua Kiswahili, na wengi wao wanajua pia Kikuyu au Kikamba. Tunapendekeza kwamba waandae, kwa kushirikiana na wenzao wa uuguzi na tiba, orodha fupi ya maswali kuhusu kuanguka katika lugha hizo tatu, waijaribu kwa wazee wachache, na kuisahihisha pale inapokanganya. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Wakati tunaingoja, kila mmoja wetu ana lile awezalo kulifanya leo: akitembea na mzee na mzee huyo asimame ili amjibu, naye asimame, amsikilize hadi amalize, kisha waendelee na safari yao.